Waya Hazisukwi Kama Nywele

Lushoto, jioni ya kuamkia safari yako

Mwanangu Sauda,

Hali yako siiulizi, maana nakusikia huko jikoni unacheka na mama yako, na mtu anayecheka hivyo ni mzima. Mimi pia ni mzima, tena leo kuliko juzi, na sababu yake utaiona humu ndani. Habari za sweta, za nauli, za kutokula ovyo stendi ya Mombo, na za kumwamkia kila mkubwa utakayemkuta Tanga, mama yako amezimaliza. Akiongeza hata moja, sanduku litajaa maneno na nguo zitabaki. Hapo mimi sina la kusema.

Unaweza kujiuliza kwa nini mtu amwandikie barua mtoto aliye chumba cha pili. Ni kwa sababu ya mdomo wangu. Unaujua. Unatangulia mbio, akili inafuata nyuma inahema. Kwenye karatasi nikiandika upuuzi naweza kuufuta, na usione hii imenyooka, ni karatasi ya tatu. Nitampa mama yako akupe uisome kabla hujalala, halafu kesho tutaonana.

Jumanne nilikuwa nyuma ya nyumba natafuta koleo yangu, nanyi mko ndani karibu na dirisha mnakunja kanga. Mama yako akakuuliza ukifika chuoni utachagua fani gani, ile ya umeme au ile ya kupiga chapa. Ukamjibu, "Kupiga chapa. Mimi sina mkono wa waya, Baba mwenyewe alishasema." Hukusema kwa uchungu. Ulisema kama mtu anayesema mahindi ya mwaka huu hayakukubali. Hicho ndicho kilichoniuma. Ungelia, ningejua bado unabisha. Nilisimama pale na koleo niliyokwisha kuipata, nikashindwa kuingia ndani.

Na chuo kimeandika kwamba fani mtachagua wiki ya kwanza. Kwa hiyo sina muda wa kuzunguka. Maneno uliyoyaamini hayakuwa kweli, Sauda. Aliyeyasema alikuja kujua kwamba hayakuwa kweli, akakaa nayo kifuani tangu masika mpaka leo mchana. Sasa ngoja nikueleze yote, hata yale unayoyajua, maana nayajua kwa upande mwingine.

Mimi sikusomea ufundi. Nilijifunzia hukohuko Tanga unakokwenda, kwa fundi redio mmoja mwenye duka dogo, wakati ambao maduka yalikuwa na rafu nyingi kuliko bidhaa. Kondensa, kile kikopo kidogo cha kutuliza umeme, tuliitoa kwenye redio maiti tukaipandikiza kwenye redio mgonjwa. Niliporudi huku Lushoto, gari lenye redio ulilihesabu kwa vidole, na mengi yalikuwa ya serikali. Dereva alikuja akilalamika kwamba akikanyaga mafuta redio inapiga mluzi. Sisi hatukuuliza mluzi unatoka wapi. Tulibandika kondensa kwenye waya wa umeme, mluzi ukapungua, dereva akashukuru, akaenda zake. Akirudi tuliongeza ya pili. Nilidhani huo ndio ufundi wenyewe.

Kuna mmoja wa Mlalo, yeye kelele yake haikuwa mluzi, ilikuwa inakwaruza kama kuku anayeparua bati. Nikamwekea kondensa mbili, ikatulia. Baada ya siku chache dashibodi ikatoa moshi akiwa njiani. Kumbe kulikuwa na waya unasagika kwenye chuma, umebaki uzi mmoja, na ule mkwaruzo ndio ulikuwa unaniambia. Mimi nikauziba mdomo. Alhamdulillahi alizima gari akachomoa betri, hakuna aliyeumia. Aliporudi kunitukana nilimwambia ni waya wa kiwandani. Nilikuwa kijana na jibu lilikuwa tayari mdomoni. Njia ya mwongo ni fupi, husema wazee, lakini ile yangu ilikuwa ndefu, nimeitembea miaka.

Halafu ikaja ruksa, biashara ikafunguliwa. Wewe ulikuwa mdogo, labda unakumbuka mitumba tu na ile sketi nyekundu uliyokataa kuivua. Mimi nakumbuka magari. Yaliyotumika Japani yakaanza kupanda mlima, kila aliyepata kabichi nzuri akataka pikapu, na kila mwenye pikapu akataka muziki. Redio zilizokuja nayo zilikuwa za masafa ya kwao, hazikufika kwenye stesheni hizi mpya za FM, basi watu wakazing'oa, wakaleta redio kaseti nyingine, na ampilifaya, na spika pana kama sinia la pilau. Nani afunge? Fundi Athumani. Nikawa mtu. Nilivimba kichwa, nakiri, na mwenye kichwa kilichovimba masikio yanaziba, wakati kazi yangu mimi ni ya kusikia.

Ulipomaliza kidato cha nne ukasema utakaa karakana ukingoja majibu, nilikubali nikijua utachoka wiki ya kwanza. Hukuchoka. Ulifagia, ukapanga spana kwa ukubwa, ukaanza kuniuliza maswali ambayo majibu yake sikuwa nayo, nami nikakujibu kwa sauti kubwa ili yaonekane majibu. Haikupita miezi mingi ukawa unachoma risasi ya kuungia waya safi kuliko mimi, maana macho yangu yameanza kuona waya mbili penye mmoja. Nilikusifia hilo kwa watu wote wa stendi. Wewe tu ndiye sikukuambia.

Sasa tuje kwenye pikapu ya Mzee Yohana.

Yule mzee wa Magamba hakuja kutaka muziki wa kutikisa milango. Ni mkulima wa kabichi, ni mzee wa kanisa, na kwenye kwaya yao anaimba besi. Alitaka kaseti za kwaya yake zimsindikize akishuka Mombo na mzigo, kila sauti isikike peke yake. "Mgosi," aliniambia, kama Wasambaa tunavyoitana kwa heshima, "nataka nimsikie hata anayevuta pumzi." Kazi ile uliifanya wewe karibu yote. Waya wa umeme uliupitisha kushoto, waya za sauti kulia, zisikae pamoja, kama nilivyokufundisha. Halafu ukafanya jambo ambalo sikukufundisha. Zile waya zinazotoka kwenye redio kwenda kwenye ampilifaya, kwa kuwa hatukuwa na zile nzuri zenye ganda la ndani la kuzuia kelele, ukazisuka. Ulikaa kwenye kigoda mbele ya karakana, ncha umezibana kwa vidole vya miguu, ukasuka mpaka mwisho. Nilipokuuliza ukasema hivi zinatulia, hazitawanyiki. Nikacheka nikaacha.

Ikabaki ethi. Ule waya mweusi mfupi wa kurudisha umeme kwenye bodi ya gari. Umeme unavyoingia kila mtu anauangalia, anaweka na fyuzi juu yake. Unavyorudi nani anajali? Nikasema ethi nitaifunga mimi, ndiyo kazi ya mkubwa. Ilikuwa Ijumaa, wameshaadhini, na kanzu yangu imening'inia kwenye msumari. Nikaingia chini ya kiti na spana, nikaona bolti imekaa vizuri, nikaweka waya, nikakaza. Rangi chini yake sikuikwangua. Msasa ulikuwa mezani, hatua tatu. Nikapaka gresi juu, kama tunavyopaka huku milimani kila kitu kwa kuogopa ukungu na kutu, nikatawadha, nikaenda msikitini nikijiona mtu safi kabisa.

Wiki mbili baadaye Mzee Yohana akarudi. "Fundi, kwaya yangu imepata mwimbaji nisiyemjua." Mluzi, unapanda kila akikanyaga mafuta na kushuka akiachia. Tukawasha gari pale karakana, tukakanyaga, kimya. Akaenda. Akarudi tena, anasema mluzi unaanza akiiacha Mombo na mzigo, unazidi kwenye kona za kuja Soni, akifika mjini unakata. Tukakanyaga tena, kimya. Mara ya tatu ndiyo ile. Watu walikuwepo: fundi viatu jirani yetu, madereva wawili waliokuwa wakingoja abiria, na yule mama wa maandazi. Dereva mmoja akasema kwa utani tu, "Labda ni mkono wa binti."

Ningeweza kusema sijui. Ni neno fupi, halina hata jasho. Badala yake nikaingia ndani ya gari, nikang'oa waya zako, nikaziinua juu wazione wote, nikasema, "Waya hazisukwi kama nywele. Ukitaka kusuka nenda kwa wasusi wenzako. Huna mkono wa waya wewe." Wakacheka. Ulikuwa umeshika bisibisi. Uliirudisha mezani polepole, mahali pake, ukafuta mikono, ukaenda nyumbani. Hukubamiza mlango, maana karakana yangu haina mlango, lakini nadhani hata ungekuwepo usingeubamiza.

Tangu siku ile hujaniita Tate, kwa Kisambaa chetu. Ni Baba, ni shikamoo kila asubuhi, na chakula unakiweka mezani kwa mikono miwili. Adabu kamili, hakuna pa kukushika. Baba yangu alinichapa sana utotoni na hakuna fimbo yake hata moja iliyofika pale ilipofika adabu yako.

Nami, bingwa, nikanyoosha waya zote ziwe kama rula. Unajua kilichotokea? Mluzi ukazidi. Sasa ukawa unasikika hata pale pale karakana, gari limesimama. Unafikiri nilijiuliza? Nilifungua kopo langu la kondensa. Moja kwenye umeme, nyingine kwenye spika. Mluzi ukajificha, ukaondoka pamoja na sauti zote nyembamba. Mzee Yohana akasikiliza, akatikisa kichwa. "Sasa kina mama wa kwaya wanaimba wamefunikwa blanketi."

Masika, ulipokuwa umekwenda Vuga kumsaidia bibi yako shamba la maharage, alikuja tena, lakini hakunipa ufunguo. Akasema, "Mgosi, wewe unalitibu gari likiwa haliumwi. Panda, twende linakoumwa."

Tukashuka Mombo. Tukapakia saruji na sukari ya duka la mtu, tukaanza kupanda. Kwa aibu nilikuwa nimezichomoa zile kondensa kabla ya kuondoka, nisikie ugonjwa wenyewe bila dawa. Kona ya kwanza mluzi ulikuwa mdogo kama wa pale karakana, ya pili huyo, umepanda. Basi nikafanya kwa mara ya kwanza maishani mwangu kile nilichokuwa nakuhubiria wewe. Nikapunguza sauti ya redio mpaka mwisho: mluzi uko palepale, haukupungua hata chembe. Kwa hiyo haukutoka kwenye kaseti wala ndani ya redio, ulikuwa unaingia mbele ya hapo. Nikachomoa antena: upo. Hauji kwa hewa. Nikachomoa waya za sauti kwenye ampilifaya: kimya. Nikazirudisha: upo. Nikachukua kipande cha waya, ncha moja nikaishika kwenye ethi ya ampilifaya, nyingine nikaigusisha kwenye chuma kitupu cha reli ya kiti. Mluzi ukakata kama umekatwa na kisu. Nikatoa, ukarudi. Nikagusa, ukakata. Nilirudia kama mara sita, Mzee Yohana ananitazama tu kwa pembe ya jicho huku anakata kona.

"Simama, mzee," nikamwambia. Tukasimama juu kidogo ya Soni, nikainua kiti.

Bolti yangu. Gresi yangu. Chini ya waya rangi ya kiwandani bado inang'aa, na pembeni kutu imeanza kujizungusha. Gari likiwa tambarare, bolti ilikuwa inagusa chuma kwa meno yake tu, umeme unapata kupenya kurudi. Likipanda na mzigo, bodi inajinyonga, ule mguso unapotea, na umeme ukikosa njia ya kurudi haukai kumsubiri mtu. Ulipita kwenye waya za sauti, mgongoni umebeba makelele yote ya altaneta, ile mashine ya kuchaji betri. Waya zako hazikuwa na kosa lolote. Zilibebeshwa mzigo usio wao.

Nikaomba kisu cha kukatia kabichi, nikakwangua rangi pale pale barabarani mpaka chuma kikatoa weupe, nikakaza upya. Tukapanda mpaka Lushoto na mluzi ukawa mdogo sana, wa kusikia mtu anayeutafuta. Mzee Yohana akauliza, "Kumbe ilikuwa nini?" Nikasema bolti. Akasema, "Aliifunga yule binti?"

Sauda, nilitazama barabara. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nikasema, "Si unawajua vijana."

Yale ya mbele ya watu niliyasema kwa ujinga na kwa kutojua, na mtu anaweza kuyaombea udhuru. Hili nililisema huku mikono yangu bado ina ile gresi. Hili ndilo lililonikosesha raha miezi yote hii. Nikikuona unapita na ndoo, nalikumbuka. Mtu akinisifu kwa kazi ya pikapu ile, nalikumbuka.

Haikuishia hapo, maana Mungu akitaka kumfundisha mtu humpa somo na mazoezi. Siku chache baadaye nikafungua dashibodi ya gari jingine, limetoka Japani moja kwa moja, halijaguswa na fundi yeyote. Waya za sauti ndani, mbili mbili, zimesokotana mwanzo mpaka mwisho. Kiwandani, Sauda. Watu wenye mashine za kila aina wamekaa wakasokota waya. Nikauliza kwa fundi mmoja wa redio za mawasiliano aliyepita hapa, akanicheka, akasema ndivyo zinavyokwepa kelele: kelele inayoingia kwenye waya huu inaingia na kwenye mwenzake sawasawa, zikifika mwisho zinafutana. Ukizinyoosha mbalimbali zinakusanya kila takataka. Wewe ulisuka ili zitulie tu, na zilitulia kuliko ulivyojua. Nilipozifumua ndipo mluzi ukaanza kusikika hata gari limesimama.

Basi nikakaa kwenye kigoda chako nikajaribu kusuka. Ikawa fundo. Nikajaribu tena, ikawa fundo kubwa zaidi. Nikazibeba mpaka nyumbani. Mama yako alizitazama, akanitazama, akasema, "Umemfukuza msusi, sasa unanitafuta mimi?" Nikamwambia nyamaza unifundishe. Akasema hafundishi mtu mpaka ajue nywele ni za nani. Ikabidi niseme yote, bolti, kanzu, na lile neno la vijana. Hakunigombeza. Alishika ncha, akanionyesha, mkono wa kulia unapita juu, wa kushoto unafuata, taratibu, usivute. Tulipomaliza akasema, "Mimi sitakusemea kwa mtoto. Na akiniuliza sitakufichia." Wewe hukumuuliza, na mimi nikajificha nyuma ya kutouliza kwako.

Zile waya nilizirudisha kwenye pikapu, kondensa zote nikazitupa kwenye kopo. Ule mluzi mdogo uliobaki ukaisha. Nilisikiliza kaseti nzima pale ndani peke yangu, na kweli kabla ya ubeti wa pili kuna mama mmoja anavuta pumzi.

Utauliza kwa nini nilinyamaza. Nilijiambia wateja watanikimbia. Nilijiambia mtoto ameshasahau. Nilijiambia nitasema siku nzuri, na siku nzuri zilikuja zikapita zikinipungia mkono. Ukweli ni kwamba niliona haya, mtu mzima na ndevu zangu. Mficha uchi hazai, tunasema, na mimi nilitaka kuficha na kuzaa papo hapo.

Halafu nikasikia yale ya dirishani.

Leo ni siku ya gulio, umeona watu walivyojaa. Mzee Yohana alipita kuja kusalimia. Nikaangalia nikaona wote wapo, fundi viatu, mama wa maandazi, na wale madereva. Mmoja tu hakuwepo, nimeambiwa anaumwa, nitamfuata nyumbani kwake. Nikazima redio. Kwenye karakana yangu redio ikizimwa watu hudhani umeme umekatika, kwa hiyo wakageuka. Nikasema, "Ile kelele ya pikapu ya Mzee Yohana ilikuwa yangu. Bolti ya ethi niliifunga mimi, kwa haraka, bila kukwangua rangi. Waya za Sauda zilikuwa sawa kuliko za kwangu, na zilizomo mle sasa zimesukwa kama alivyosuka yeye. Nilimsema bure mbele yenu, na ninyi mlisikia, sasa sikieni na hili."

Nilitegemea wacheke. Hakuna aliyecheka, na ilikuwa vigumu zaidi. Fundi viatu aliinama akaendelea kugonga soli ambayo nadhani ilikuwa imeshakwisha. Mama wa maandazi akasema tu, "Ulimliza mtoto wa watu." Nikamjibu ni mtoto wangu. Akasema, "Ndiyo hivyo."

Mzee Yohana alikuwa ananitazama muda wote. Mwishoni akasema, "Kwa hiyo wale vijana ni wewe?"

"Ni mimi, mzee. Shikamoo."

"Marahaba, kijana."

Hapo ndipo walipocheka, Sauda, na mimi nikacheka mpaka nikashika meza. Sijacheka vile tangu masika. Mama yako atakuambia jinsi nilivyokula mchana, nimemaliza ugali wangu na wa mgeni ambaye hajaja. Kifua ni chepesi. Najua wepesi huu ni wa kwangu na wewe bado hujasikia chochote, ndiyo maana naandika kwa haraka kabla kalamu haijaisha wino.

Mzee Yohana amesema kesho anashuka Mombo na kabichi. Kasema usihangaike na gari la huku, upande kwake mbele mpaka stendi ya mabasi ya Tanga, usikilize kazi yako. Nimekubali kwa niaba yako, kama hutaki mwambie mwenyewe, mimi simwezi.

Kuhusu fani, sikushiki mkono. Kupiga chapa ni kazi nzuri, mtu anakaa mahali pakavu na kucha zake ni safi. Ukiipenda ichague, uwe mpiga chapa hodari. Usichague umeme ili kunifurahisha au kunifuta machozi, maana utanichukia mbele ya safari, katikati ya mtihani. Ninachokuomba ni kimoja: utakapoandika jina lako kwenye ile fomu, lile neno langu lisiwepo kwenye hesabu. Lifute. Mkono wa waya unao. Nimeuona nilipokuwa nautukana.

Na kama siku moja utakutana na kelele usiyoijua, kwenye gari au popote, nenda inakoumwa. Usikubali kuambiwa habari zake ukiwa tambarare. Na ukiwa hujui, sema hujui kabla mdomo haujatafuta kazi nyingine. Mengine utajifunza kwa watu waliosoma kuliko mimi, nawe utakuja kuniambia nilipokosea. Andaa daftari kubwa.

Kesho alfajiri, kabla hujatoka, utakuja kuniomba radhi, ndivyo tulivyokulea na ndivyo tulivyolelewa. Utazikuta ziko tayari, zote, na dua juu yake. Lakini nikishamaliza usinyanyuke haraka. Sijapata kumwona baba yangu akimwomba mtoto msamaha, wala sijui mtu anasimamaje au anashika wapi mikono yake. Nitajaribu hivyo hivyo. Nilikukosea mara ya kwanza kwa kutojua na mara ya pili kwa kujua, na ninakuomba unisamehe, mwanangu, kwa mdomo wako, nisikie. Ukisema ndiyo nitashukuru. Ukisema bado, nitangoja, na radhi zangu utaondoka nazo vilevile.

Baba yako,
Athumani